Karanga na Ugonjwa wa Rozeti: Historia ya Mgeni na Maradhi ya Wenyeji

Natumaini ya kuwa vikundi vimekwisha kukaa, na karani wa kila kikundi ana kalamu yake tayari. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ugonjwa mmoja wa shambani.

Juma lililopita mama mmoja, mkulima, aliniletea shina la karanga. Lilikuwa fupi, na majani yake madogo ya manjano yalikuwa yamesongamana kama shada. Mizizini hapakuwa na karanga hata moja. Aliniuliza, "Mwalimu, mbegu hii niliiweka mwenyewe tangu mavuno ya mwaka jana. Je, niitupe yote iliyobaki?" Swali hili si dogo, kwa maana mbegu ni akiba ya nyumba. Ili kulijibu vema, yatupasa kurudi nyuma miaka mingi.

Twaanza na karanga yenyewe. Wengi wetu tumekua tukiiona katika mboga na uji, hata tukadhani ni mali ya babu zetu tangu mwanzo. Sivyo. Mzaliwa wa Afrika ni njugu mawe. Karanga kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Bolivia na Argentina, na wenyeji wa huko waliilima maelfu ya miaka kabla haijafika kwetu. Ililetwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Basi karanga ni mgeni aliyekaribishwa, akapewa shamba, akawa kama mtoto wa nyumbani.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Ugonjwa ule wa majani kusongamana, ambao wataalamu huuita rozeti, hauko Amerika ya Kusini. Uko Afrika, kusini ya jangwa la Sahara, na katika visiwa vya jirani kama Madagaska. Kwa hiyo karanga haikuja na ugonjwa huu, iliukuta huku. Yadhaniwa ya kuwa virusi vyake vilikuwa vikiishi katika mimea mingine ya Afrika, na karanga ilipopandwa karibu, vilipata chakula kipya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akaugua yeye.

Maandishi ya kwanza juu ya ugonjwa huu yanatoka katika nchi yetu. Mwaka 1907 mtaalamu Mjerumani Zimmermann, aliyekuwa katika chuo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alieleza dalili zake. Lakini kuona dalili si kujua chanzo. Mwaka 1928 mabingwa wawili waliofanya kazi Afrika ya Kusini, Storey na Bottomley, walionyesha ya kuwa ugonjwa huchukuliwa na vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaojikusanya katika machipukizi ya karanga na kunde. Kidukari hufyonza utomvu wa shina lenye ugonjwa, kisha huruka akaenda kufyonza shina zima, na hapo huacha maradhi. Storey alikuja baadaye kufanya kazi hapo hapo Amani.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Mvua zilikuwa haba, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mitambo ikaharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Watu wengi hukumbuka hasara tu. Lakini wataalamu wa huko walichunguza rozeti shambani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1954. Waliona ya kuwa karanga zilizopandwa mapema, na kwa kukaribiana, ziliugua kidogo kuliko zile zilizochelewa na kuachana. Sababu yake ni hii: kidukari anayeruka hupenda kutua pale anapoona udongo mtupu kati ya mimea. Majani yakifunika ardhi mapema, hapaoni pa kutua. Basi mradi ulioshindwa kwa matrekta ulituachia somo linalofaa mwenye jembe la mkono.

Lakini chanzo chenyewe kilikuwa nini? Jibu lilichukua miaka mingi, kwa sababu wakosaji hawakuwa mmoja bali watatu. Mwaka 1968 ilielezwa ya kuwa pamoja na kirusi cha rozeti kuna kirusi kingine, kinachoitwa kirusi saidizi. Mwaka 1988 ikajulikana ya kuwa yuko na wa tatu, mdogo kabisa, aitwaye satelaiti.

Tufananishe hivi. Kila kirusi kina maandishi ya urithi, nacho huyanakili ndani ya mmea. Maandishi ya kirusi cha rozeti yana herufi kama 4,000; ya satelaiti yana kama 900 tu. Kirusi cha rozeti hakijui kujishonea koti, na pasipo koti hakiwezi kusafiri ndani ya kidukari. Kirusi saidizi kinalo koti, nacho humwazima mwenzake. Satelaiti haiwezi kujinakili peke yake. Humtegemea kirusi cha rozeti. Lakini pasipo satelaiti, kirusi cha rozeti hakipati kuvaa koti lile. Tena satelaiti ndiyo hasa inayodumaza karanga. Virusi vile viwili peke yake huonyesha dalili hafifu, au hakuna kabisa. Tofauti ndogo katika herufi za satelaiti ndizo zinazofanya shina moja liwe la manjano na jingine libaki kijani huku limedumaa.

Virusi vya namna hii hunakili kama karani asiyesoma tena alichoandika. Makosa huingia. Mengi hupotea bure, lakini mara chache kosa humfaa mwenye nalo, nalo huendelea. Ndivyo virusi vinavyobadilika kizazi hata kizazi.

Je, karanga nayo haina silaha? Inazo. Mwaka 1952, nchini Senegal, ziligunduliwa aina za karanga zisizougua rozeti kwa urahisi. Asili yake ilikuwa mpakani mwa Côte d'Ivoire na nchi iitwayo leo Burkina Faso. Kinga yake ilionekana kutegemea jeni mbili zinazojificha. Ukizalisha karanga yenye kinga na isiyo na kinga, watoto wote wa kwanza huugua. Mtu mwenye haraka angesema kazi imeharibika. Lakini katika wajukuu, shina moja katika kila 16 hupona. Anayesubiri ndiye anayepata mbegu.

Subira hiyo ilikuwa na thamani. Mwaka 1975 rozeti iliharibu hekta 700,000 hivi za karanga Kaskazini ya Nigeria. Aina za kwanza zenye kinga zilichelewa mno kukomaa, hazikufaa nchi zenye mvua fupi. Kwa hiyo watafiti, wakiwemo wa ICRISAT huko Malawi, walizalisha nyingine zinazokomaa mapema. Hata hizo si ngome isiyovunjika: kinga yake ni juu ya kirusi cha rozeti, si juu ya kirusi saidizi, na vidukari wakizidi mno huweza kuugua.

Sasa namjibu yule mama. Mama, usiitupe mbegu yako. Rozeti haichukuliwi na mbegu. Huchukuliwa na kidukari. Mbegu yako haina kosa, wala mkono wako hauna kosa. Panda mvua za kwanza zinapotulia, usiachanishe mno, ng'oa karanga zilizojiotea kabla ya msimu, kwa maana humo ndimo ugonjwa unamongojea mvua. Na ukipata kwa Bwana Shamba mbegu yenye kinga, ipande.

Maswali ya kikundi:

1. Twajuaje ya kuwa karanga haikuja Afrika na rozeti?
2. Kwa nini kirusi cha rozeti hakiwezi kusafiri peke yake?
3. Msimu uliopita, ni nani katika kikundi alichelewa kupanda? Shamba lake lilikuwaje likilinganishwa na la jirani yake?

Karani aandike majibu, tuyasikie juma lijalo. Kwaherini.