Aondokaye na Abakiye

Kila tunapomuaga mchungaji au mwinjilisti aliyehamishiwa usharika mwingine, machozi hutulenga, na wengine wetu hunung'unika. Tukumbuke ya Rabai.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akafiwa na mkewe na binti yao mchanga. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, nao wakaanzisha pamoja kituo cha Rabai. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilikuwa imedhoofika, ikabidi aondoke. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kwa macho ya kibinadamu, kazi ilikuwa bure.

Rebmann akabaki. Mwaka 1866 naye akafiwa na mkewe, Emma, kisha macho yake yakafifia hadi akawa kipofu. Aliondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29. Huko Korntal, Ujerumani, alikoishi Krapf, wakawa majirani tena, hata Rebmann alipofariki mwaka uliofuata.

Basi tusione haya kulia. Wazee wa Efeso nao walimlilia Paulo kule Mileto. Lakini tusimzuie aondokaye, wala tusimwache peke yake abakiye. Wote wawili wametumwa, na shamba ni la Bwana.