Bao, Bayi na hili neno "kipaji"

Ukitoka Chalinze kuelekea Segera unapita Lugoba. Wengi tunaijua kwa kokoto zinazojenga Dar na kwa shule yake ya sekondari. Lakini kama ilivyo kwingi huku Pwani, ni sehemu ambayo mchana ukipungua jua wazee huketi kivulini na bao lao.

Sisi wa mjini tukiwaona tunasema hawa hawana kazi. Na akitokea mmoja asiyefungika, tuna majibu mawili tayari: ana kipaji, au ana dawa. Nadhani majibu yote mawili yanatugharimu kama taifa. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na bao lenyewe, maana wengi wetu tunajua PlayStation kuliko bao. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, ambazo kwa kawaida ni mbegu za mkomwe. Mnaanza kila mmoja akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika kunamua unaingiza kete moja kila zamu. Zikiisha mkononi, mnaingia kwenye mtaji. Zamu moja inaweza kuzunguka, ikala, ikazunguka tena, hadi kete ya mwisho ilale kwenye shimo tupu. Yaani hatua moja tu inaweza kubadilisha karibu ubao mzima. Bingwa anatakiwa kuyaona hayo yote kabla hajagusa kete. Kwenye sataranji, kwa kawaida unasogeza kete moja na nyingine zinabaki pale pale.

Sasa tuje kwenye historia. Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Uholanzi, Adriaan de Groot, alichapisha utafiti wake kuhusu wachezaji wa sataranji. Watu walidhani bingwa anashinda kwa sababu anaona hatua nyingi zaidi mbele. De Groot hakukuta tofauti kubwa hapo. Alichokuta ni kwamba bingwa akionyeshwa mchezo kwa sekunde chache tu, anaweza kuupanga upya karibu wote kwa kumbukumbu. Mwanafunzi hawezi.

Je, bingwa amezaliwa na kumbukumbu ya ajabu? Mwaka 1973, huko Pittsburgh, Marekani, William Chase na Herbert Simon walifanya jambo rahisi. Walipanga kete ovyo ovyo, bila mantiki ya mchezo. Ubora wa bingwa ukatoweka karibu wote! Maana yake ni kwamba bingwa hakuwa na kichwa tofauti na chako. Alikuwa na maelfu ya picha za mchezo alizozikusanya kwa miaka.

Halafu akaja Mholanzi mwingine, Alex de Voogt. Yeye hakubaki Ulaya na sataranji. Alikuja Zanzibar akakaa na mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akamaliza shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Leiden kwa kazi kuhusu ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya binadamu. Hebu lifikirie hilo. Wazee ambao sisi tunawaita hawana kazi, wenzetu waliwafuata ili waelewe akili inaweza kufika wapi.

Tuhamie kwenye riadha. Filbert Bayi alikwenda Olimpiki ya Munich 1972 akatolewa kwenye mchujo. Januari 1973, Lagos, akamshinda Kipchoge Keino katika mita 1500. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, akatoka mbele tangu mwanzo, akamaliza mzunguko wa kwanza chini ya sekunde 55, na hakumwachia mtu nafasi hadi mwisho. Alitumia 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker aliyemfuata naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani.

Wengi tunaisimulia hadithi hii kama mtu aliyejaliwa mapafu. Lakini kukimbia mbele peke yako, huoni aliye nyuma, unajua kila mtu anakuwinda, si suala la mapafu tu. Unatakiwa kuujua mwendo wako kwenye miguu kama bingwa wa bao anavyojua kete zake. Hilo lilijengwa kati ya Munich na Christchurch.

Tazama pia Alphonce Simbu: wa tano Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, dhahabu ya dunia Tokyo 2025. Hapo katikati kuna miaka tisa, wadau.

Sisemi kipaji hakipo. Anders Ericsson na wenzake waliandika mwaka 1993 kuhusu mazoezi ya makusudi, yenye mwalimu na marekebisho, na baadaye watu wakageuza hoja yao kuwa "saa elfu kumi", jambo ambalo Ericsson mwenyewe alilipinga. Mwaka 2014 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kuwa mazoezi hayo yanaeleza asilimia 26 ya tofauti kati ya wachezaji wa michezo kama sataranji, na asilimia 18 kwenye michezo ya viungo. Kwa hiyo kuna mengine. Lakini hayo mengine, kama maumbile na umri wa kuanza, mengi hatuwezi kuyapangia bajeti. Mwalimu na uwanja tunaweza.

Ukishasema "kipaji", kazi yako imebaki kusubiri kizaliwe. Ukisema "dawa", unapeleka hela kwa mganga badala ya kwa kocha. Kwa vyovyote vile, hakuna anayeuliza yule bingwa alijifunza nini, kwa nani, kwa muda gani. Medali zetu za Olimpiki hadi Paris 2024 ni mbili tu, fedha za Bayi na Suleiman Nyambui, zote Moscow 1980.

Na kwa bao hali ni mbaya zaidi. Wenzetu wa sataranji wana vitabu vyenye michezo ya mabingwa wao, hatua kwa hatua. Ya kwetu kwa sehemu kubwa imo vichwani. Shule yake ni lile benchi, ambapo kijana hukaa akatazama miaka kadhaa kabla ya kuthubutu kucheza na wakubwa. Benchi likibaki na wazee watupu, shule imefungwa.

Je, wewe mara ya mwisho kuketi kwenye bao ilikuwa lini?