Kutoka posho hadi kopo: nguvu za wafanyakazi wa Lualaba zilitoka wapi?

KASAJI – Vijana wengi wanaocheza mpira, wanaobeba magunia au wanaoshuka mashimoni kutafuta kobalti wanaamini kwamba nguvu zinanunuliwa ndani ya kopo au kwa kidonge. Lakini katika nchi hii ya shaba, habari ya chakula cha mtu wa kazi nzito ni ya zamani. Imepita miaka zaidi ya mia moja.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na unga wa mahindi ukaanza kuingia kwa treni kutoka Rhodesia. Miaka ile ya kwanza watu walikufa wengi makambini. Walitoka vijijini mbali, wakalala wakibanana, wakala vibaya, na magonjwa ya mapafu na ya kuhara yakawamaliza.

Wakubwa wa kampuni waliona kwamba mtu akifa au akitoroka, wanapoteza. Kuanzia mwaka 1928 wakabadilisha siasa yao: mikataba ya miaka mitatu, mfanyakazi aishi kambini pamoja na mke na watoto. Posho ikawa kitu cha kupimwa: unga, nyama au samaki, maharagi, karanga, mafuta ya mawese, chumvi. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyesimamia sana siasa hiyo. Mama na watoto walipata posho yao pia, na watoto walilishwa kwenye kantini. Haikuwa zawadi. Kampuni ilitaka mikono yenye nguvu leo, na wafanyakazi wengine kesho kutoka kwa watoto walewale.

Kasaji nayo iliingia katika hesabu hiyo. Mwaka 1931 njia ya reli kutoka Tenke hadi Dilolo iliungana na ile ya Benguela inayofika bandari ya Lobito, na stesheni yetu ikawa juu ya njia ya shaba.

Lakini tumbo lililoshiba halifungi mdomo. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita vya dunia, bei zilipanda na mishahara haikutosha. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Kule Lubumbashi walikusanyika katika kiwanja cha mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa. Posho peke yake haikuwa haki.

Baada ya serikali kuchukua migodi mwaka 1967, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines iliendelea na desturi ya kugawa unga. Miaka hiyohiyo, 1967 na 1968, timu ya Englebert, ambayo leo ni Mazembe, ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Katanga ilijua kutoa watu wa nguvu.

Kisha mambo yakavunjika. Vita vya mwaka 1977 vilipita Dilolo, Kasaji na Mutshatsha, na mwaka 1978 vikafika Kolwezi. Familia nyingi zilikimbilia Angola. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, haikufika tani 40,000 mwaka 1994. Katikati ya shida hiyo, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye stesheni zikingoja treni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mara moja. Posho ikaisha, lakini kazi nzito ilibaki.

Leo mtu anachimba kutwa na sahani yake ni bukari ya muhogo na majani kidogo. Unga wa muhogo unatoa nguvu ya kusukuma mwili, lakini haujengi misuli: katika gramu 100, protini haifiki gramu 3. Mtu wa kilo 60 anayefanya kazi nzito au mazoezi kila siku anahitaji kama gramu 70 hadi 100 za protini. Basi anachoka, na anatafuta kopo.

Kopo la nusu lita la kinywaji cha nguvu mara nyingi lina sukari zaidi ya vijiko kumi, pamoja na kafeini. Linaamsha, halilishi. Vidonge vya kunenepesha ni hatari zaidi. Dexamethasone inajaza maji mwilini, uso unavimba, watu wanasema «umenenepa», kumbe misuli inapungua, sukari ya damu inapanda na kinga inashuka. Mwanamichezo akipimwa naye akiwa ameimeza siku ya mchezo, anaweza kufungiwa.

Vile vya posho ya zamani bado vipo sokoni. Gramu 100 za maharagi makavu zina protini kama gramu 20, karanga kama 25. Vishimu vikavu vya pori letu vinapita nusu ya uzito wake, na ndagala kavu vilevile. Familia iliyohama, isiyo na shamba, inaweza kuchanganya unga wa mahindi na ule wa muhogo, kutia karanga za kutwanga ndani ya sombe au lengalenga, na kuongeza konzi ya ndagala. Muhogo mchungu uloweshwe siku zake zote, hata kama njaa inasukuma, kwa sababu sumu yake inapiga zaidi mwili uliokosa protini.

Kampuni ilipima chakula kwa faida ya shaba. Sasa hakuna anayepima. Ni juu ya kila mama, kila baba na kila kocha kuitazama sahani kabla ya kutoa pesa ya kopo.