Bata Miwani, Wala Si Bata Bukini wa Misri

Wapo waandishi, na zipo kamati ambazo sina haja ya kuzitaja, wanaoendelea kumwita bata bukini wa Misri yule ndege mkubwa anayeonekana wawiliwawili kwenye mabwawa ya mashamba ya Kitale na kando ya mto Nzoia unapoteremkia Bungoma. Jina hili lina kosa ambalo mtu aliyelisoma mara mbili angeliona. Bukini ndilo jina la zamani la Waswahili la kisiwa cha Madagaska, na bata bukini, yule wa kufugwa mwenye shingo ndefu, alipewa jina kwa kunasibishwa na kisiwa hicho. Ukimwongezea Misri, umeandika bata wa Madagaska wa Misri. Ndege mmoja amebebeshwa nchi mbili zilizo mbali na Kitale kuliko mtu anavyoweza kutembea, na baada ya maneno manne msomaji bado hajaambiwa chochote kitakachomsaidia kumtambua ndege mwenyewe majini.

Napendekeza aitwe bata miwani. Ndege huyu ana baka la kahawia iliyokolea kuzunguka kila jicho, mfano wa mtu aliyevaa miwani, na hakuna bata mwingine wa maji yetu aliye na alama hiyo. Anayemwona kwa mara ya kwanza huanza na macho hayo kabla hajaiona miguu ya waridi au weupe wa mbawa anaporuka. Jina lenyewe limefuata njia ambayo Kiswahili kimeipita zamani. Punda milia si punda wa kufugwa, ila wazee walitazama umbo wakasema punda, wakatazama ngozi wakasema milia, na hakuna aliyedai mnyama huyo aitwe punda wa nchi fulani. Kigong'ota naye amepewa jina kwa kazi yake ya kugong'ota miti.

Majina ya nchi yamewapotosha hata watu wenye lugha zilizosomewa sana, na ushahidi mkubwa ni batamzinga. Asili yake ni Meksiko na maeneo ya kaskazini yake. Waingereza wamemwita kwa jina la Uturuki. Wareno walimwita peru, na hapo ndipo sisi tulipopata piru. Waholanzi humwita kalkoen, neno lililotokana na mji wa Calicut wa India. Ndege mmoja, nchi tatu, na zote tatu ni za uongo. Kiswahili kilipomfananisha na bata kilikosea ukoo, kwa maana ni wa jamaa ya kuku na kwale, lakini angalau hakikumtungia safari ambayo hakuifanya.

Hao Waholanzi walipoyaacha majina ya nchi na kuwatazama bata wao, walifanya kazi ninayoiheshimu. Slobeend, mwenye mdomo mpana kama mwiko, jina lake linatokana na kufyonza kwa kelele, jinsi anavyokula matopeni. Pijlstaart ni mkia-mshale. Kuifeend ni bata mwenye kishungi. Bata yule wa asili ya Amerika ambaye Waingereza wamemhusisha na Moscow, wao humwita muskuseend, kwa harufu ya miski. Lakini kwa ndege wetu walirudia kosa: wanamwita nijlgans, kwa jina la mto Naili, na leo amezagaa kwenye mifereji ya Uholanzi baada ya kutoroka kwa wafugaji, hata Umoja wa Ulaya ukamtia mwaka 2017 katika orodha ya viumbe wageni waharibifu. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, ambao wenzao baadaye walilima hadi Trans Nzoia, walikuja na lugha iliyozaliwa na Kiholanzi. Ndani ya lugha hiyo, Kiafrikana, ndege huyu ni kolgans, kwa sababu ya baka la kifuani. Kwa Mholanzi neno hilohilo ni la bata mwingine kabisa, mwenye weupe kwenye paji la uso. Walioishi na ndege huyu kusini mwa Afrika waliacha mto, wakachukua baka.

Nitaambiwa kwamba bata wa Naili lingetosha, maana Nzoia huingia Ziwa Viktoria na ziwa humwagika Naili. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Maji ya Suam, yanayoanzia mlima wa Elgon, huenda Turkwel na Ziwa Turkana, hayaioni Naili kamwe, na ndege huyu ametapakaa tangu Senegali hadi Rasi ya Tumaini Jema. Anayefupisha kuwa bata nili ataharibu zaidi, kwani nili kwa Mswahili ni buluu ya kutilia nguo, na ndege huyu hana ubuluu.

Wengine watasema bata bukini limezoeleka, na hakuna anayeisikia Madagaska ndani yake. Nakubali kwa yule wa kufugwa. Jina lake lilishakomaa, na mimi siligusi. Istilahi mpya haina kinga hiyo ya mazoea. Aliyeongeza "wa Misri" ndiye aliyeiamsha nchi iliyokuwa imelala ndani ya neno. Isitoshe, Linnaeus mwenyewe, alipomwandika mwaka 1766, alimweka katika jenasi ya Anas, yaani bata, na wataalamu wa leo hawamhesabu miongoni mwa mabata bukini halisi. Basi hao wanaotutaka tumwite bukini kwa heshima ya sayansi wanatetea kosa ambalo sayansi haiwadai.

Nimesikia pia kuwa miwani ni neno la mzaha, halifai kitabu cha chuo. Milia nayo ni michirizi tu, na hakuna profesa anayeona haya kuandika punda milia. Hata hivyo, majina ya ndege huyu ya Kibukusu na Kisabaoti yakusanywe na yaandikwe kando ya jina hili, kwa kuwa hakuna lugha moja inayotosha kwa mashamba yote ya Trans Nzoia.

Kuhusu matumizi: mkulima wa eneo la Kwanza au la Naitiri anayeona mahindi machanga yameliwa akitaja bata miwani, afisa kilimo atajua ni nani bila kufungua kitabu. Jina liandikwe maneno mawili, kama punda milia, bila kistari, wingi haubadiliki, upatanisho ni wa viumbe hai: bata miwani ametaga, bata miwani wametaga.