Magari ya Farasi Mnadani: Fundisho kwa Wenye Kuchunga Mali ya Mababu

Katika kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, ndoa, majina na heshima ya wazee. Safari hii tunaomba ruhusa ya kwenda mbali kidogo, mpaka Ulaya, kuangalia magari ya zamani ya kukokotwa na farasi: namna yalivyouzwa mnadani, na namna mengine yalivyochungwa. Mtu atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi, watu wa nchi ambamo farasi hawakuweza kukaa? Yanatuhusu, juu kitu cha zamani kinapouzwa swali ni lile lile, kule Paris na huku kwetu: nani aliandika kwamba kilikuwako?

1. Gari la farasi lilikuwa kitu gani?

Mbele ya mutuka na gari la moshi, tajiri wa Ulaya alisafiri ndani ya sanduku kubwa la mbao lenye milango na viti, lililoning'inizwa juu ya magurudumu manne kwa mikanda minene ya ngozi. Baadaye mafundi waliweka springi za chuma, ili barabara mbaya isimtikise sana mwenye kupanda. Gari moja lilipitia mikono mingi: seremala, mhunzi, fundi wa ngozi, fundi wa vioo, mchoraji, hata mwenye kupaka dhahabu. Gari la mfalme lilikuwa zaidi ya chombo cha safari. Lilikuwa kiti cha enzi chenye magurudumu, ili raia waone ukubwa wa bwana wao akipita.

Na tusisahau: kule kule Ufaransa wakubwa walibebwa pia ndani ya viti vilivyofungwa kama kijumba, watu wawili wakishika miti, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kumbe tipoyi haikuwa kitu cha Afrika peke yake. Tofauti ni kwamba kwetu farasi hakuweza kuja kumpumzisha mwanadamu. Sehemu kubwa ya Kongo ina mbung'o, na ugonjwa anaouleta unaua farasi na ng'ombe. Ndiyo maana mizigo ya wakoloni ilipanda kichwani mwa wazee wetu, na mzungu mwenyewe akapanda mabegani mwao. Mfalme Leopold II alitafuta njia nyingine: mwaka wa 1879 tembo wanne wa kufugwa waliletwa kutoka India mpaka pwani karibu na Dar es Salaam, waende kwa miguu hadi Ziwa Tanganyika. Walikufa mmoja mmoja, mpango ukaachwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kule Api, Uele, walianza kufundisha tembo wa Kongo wenyewe, na tembo hao walikokota magari ya mizigo. Hiyo ni historia yetu ya magari ya wanyama. Sasa turudi Ulaya.

2. Mnada wa Versailles

Wanafunzi wetu wa sekondari wanajua tarehe kubwa za Mapinduzi ya Ufaransa. Mwezi wa Oktoba 1789 Mfalme Louis XVI aliondolewa Versailles na kupelekwa Paris. Mwezi wa Juni 1791 alijaribu kukimbia usiku pamoja na jamaa yake, ndani ya gari kubwa zito, wakakamatwa Varennes. Mwezi wa Septemba 1792 ufalme ulifutwa, na tarehe 21 Januari 1793 mfalme alikatwa kichwa. Jambo ambalo vitabu vya shule vinalipita haraka ni hili: vitu vyake vilikwenda wapi?

Viliuzwa mnadani. Mnada ni kuuza mbele ya watu wote: dalali anaonyesha kitu, watu wanapandisha bei, na mwenye kutaja bei ya juu ndiye anakibeba. Kule Versailles mnada ulifunguliwa tarehe 25 Agosti 1793, ukaendelea karibu mwaka mzima mpaka tarehe 11 Agosti 1794. Viti, meza, vitanda, vioo, mapazia: mafungu zaidi ya 17.000. Magari ya kifalme nayo hayakupona. Mengine yaliuzwa, mengine yalivunjwa juu ya alama za mfalme zilizokuwa juu yake. Utawala mpya ulihitaji pesa ya vita, tena haukutaka watu waendelee kuona utukufu wa zamani.

Tunaweza kuelewa hasira ile. Raia aliyekosa mkate hawezi kulia juu ya gari la dhahabu. Lakini tuangalie jambo moja ambalo lilifanyika katikati ya fujo ile: karani alikuwa anaandika. Kila fungu lilipewa namba, likaelezwa, bei ikatiwa kwenye daftari. Kwa njia hiyo, miaka mingi nyuma, wataalamu waliweza kufuata nyayo za vitu vingi kutoka nchi hata nchi, na Versailles ikarudisha baadhi yake, mara nyingi kwa bei kubwa sana. Waliuza, ndiyo; lakini hawakufuta kumbukumbu.

3. Gari lililobadilishwa alama

Mwaka wa 1825 Mfalme Charles X alitiwa taji kule Reims, na kwa siku hiyo lilitengenezwa gari jipya la kupita kiasi, limejaa dhahabu. Miaka mitano tu, mapinduzi mengine ya 1830 yakamfukuza. Safari hii gari halikuuzwa wala kuvunjwa. Mwaka wa 1831 Mfalme Louis-Philippe aliamua kuanzisha makumbusho ya magari Versailles. Na Napoleon III alipotaka kubatiza mwana wake mwaka wa 1856, waliondoa alama za Charles X, wakaweka herufi N na tai wa Napoleon, gari likatoka tena. Mpaka leo liko Versailles, katika nyumba iliyokuwa zizi kubwa la farasi, pamoja na gari lililobeba maiti ya Louis XVIII mwaka wa 1824. Mwalimu akimleta mtoto mbele ya gari lile hahitaji maneno mengi. Utawala unabadilika, watu wanabadilisha alama juu ya kitu kile kile: je, hatujayaona hayo huku kwetu?

4. Lisbon na London: njia mbili

Kule Lisbon, Malkia Amélia wa Ureno aliona mapema kwamba wakati wa magari ya farasi unakwisha. Mwaka wa 1905 alifungua makumbusho ya magari ya kifalme katika nyumba ya Belém, ambamo zamani farasi walifundishwa. Miaka mitatu nyuma, tarehe 1 Februari 1908, mume wake Mfalme Carlos na mwana wao wa kwanza walipigwa risasi ndani ya gari la wazi, katikati ya mji. Mwaka wa 1910 Ureno ikawa Jamhuri. Lakini Jamhuri haikuita dalali. Iliendelea kuchunga magari yale, na gari la siku ile ya kifo limo kati yake, na alama za risasi zinaonekana bado.

Gari la Napoleon I lilipita njia nyingine. Usiku wa vita vya Waterloo, Juni 1815, askari wa Prussia walilikamata karibu na Genappe, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Likafika London, mfanyabiashara William Bullock akalinunua, na mwaka wa 1816 akalionyesha kwa kulipisha watu. Walikuja wengi mno. Baadaye likahamia kwenye nyumba ya sanamu za nta ya Madame Tussaud, na mwaka wa 1925 moto ukaliteketeza humo. Hatusemi kwamba makumbusho ya serikali hayawezi kuungua. Tunasema kwamba kitu kinachohama kutoka mnunuzi hadi mnunuzi kinachungwa muda kinapoleta faida, na kisha kila mmoja anategemea bahati.

5. Minada ya leo

Mutuka ulipoenea, mwanzoni mwa karne ya 20, magari ya farasi yalikosa thamani. Mengi yaliachwa ghalani, kuku wakataga mayai ndani. Mengine yakawa kuni. Leo mambo yamegeuka: Uingereza na Marekani kuna minada ya magari hayo, na watu wanasafiri mbali ili kununua. Je, mnunuzi anaangalia nini? Anatafuta kwanza jina la fundi aliyelitengeneza, ambalo mara nyingi limeandikwa katikati ya magurudumu. Anaangalia kama rangi, ngozi na taa ni zile za mwanzo. Na zaidi ya yote anauliza: lilikuwa la nani, na karatasi ziko wapi? Magari mawili yanaweza kufanana kama mapacha. Lenye historia iliyoandikwa litapita lingine kwa bei mbali sana. Hata biashara yenyewe inajua kwamba kitu bila habari zake ni nusu ya kitu.

6. Na sisi je?

Hapa ndipo tulitaka kufika. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Vitu vya mababu zetu, viti vya machifu, barakoa, fimbo, ngoma, viliondoka vingi sana wakati wa ukoloni. Mwezi wa Februari 2022 Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu wetu orodha ya vitu karibu 84.000 vilivyo Tervuren. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa kubwa ya Kakungu ya Wasuku, kwa mkopo usiowekewa mwisho. Tunaweza kubishana juu ya neno "mkopo", na tuna haki ya kubishana. Lakini tuone: mazungumzo yanawezekana kwa sababu kuna orodha.

Tena kati ya 1976 na 1982 vitu 114 vilikuwa vimerudishwa kutoka Tervuren. Baadaye vingine viliibwa na kuonekana tena sokoni. Na vile ambavyo havikupata namba hata siku moja? Mtu anapita kijijini wakati wa njaa au wa vita, anatoa dola chache, anafunga kiti cha babu ndani ya mfuko, usiku anaenda. Hakuna dalali, hakuna karani, hakuna bei iliyotangazwa mbele ya watu. Versailles iliuzwa mchana. Sisi tunauzwa usiku. Hatumlaumu mama anayeuza ili mtoto ale. Tunasema tu kwamba hata siku ya kuuza, mtu angeweza kuandika.

Basi shauri letu ni dogo. Kila shule ya sekondari ifungue daftari moja. Wanafunzi waende kwa wazee, waandike: jina la kitu, mwenyewe, aliyekichonga kama anajulikana, kazi yake, vipimo, alama zilizo juu yake, na siku ya kuandika. Picha ya simu inasaidia pia. Wasiandike vitu vya machifu tu. Chukudu ya Kivu, ambayo vijana wanachonga kwa mbao na kubebea viazi na makaa, ndiyo gari letu wenyewe, halikungoja farasi wala mafuta. Nayo iandikwe ingali barabarani, pamoja na majina ya mafundi wake. Vitu vya siri vya ukoo visipigwe picha bila ruhusa, heshima itangulie. Daftari la pili libaki kwa chifu au kwenye parokia, juu nyumba moja inaweza kuungua.

Kazi hiyo haingoji pesa kutoka Ulaya. Inahitaji kalamu, na wazee ambao bado wako hai wa kuulizwa. Muhula ujao tungeweza kuianza.