Elimu Mbili za Kompyuta

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakisha kutangazwa, vijana wa Garissa, Wajir na Mandera huketi mbele ya kompyuta, aghalabu dukani mwa mtu na kwa kulipa kwa dakika, ili wachague masomo watakayosoma chuoni. Kazi ya kuwagawia wanafunzi nafasi, ambayo zamani ilikuwa ya Joint Admissions Board, sasa inafanywa na KUCCPS. Katika orodha yake ndefu yamo majina mawili yanayofanana kama mapacha: Sayansi ya Kompyuta na Uhandisi wa Programu. Kijana huyatazama, humwuliza aliyeketi kando yake, naye hajui, na dakika zinakwenda. Mwishowe huchagua jina lenye kishindo zaidi. Neno "uhandisi" lina kishindo.

Uamuzi huo wa dakika chache hushika miaka minne ya maisha ya mtu, na mara nyingi hushika pia fedha za mbuzi na ngamia wa ukoo mzima. Kwa hiyo yafaa tuulize elimu hizi mbili zilitoka wapi. Hazikuzaliwa siku moja wala katika nyumba moja, na mtu aijuaye historia ya kuzaliwa kwao huiona tofauti yao vizuri kuliko yule asomaye matangazo ya vyuo.

Ile ya kwanza ina umri mkubwa kuliko kompyuta yenyewe. Katika karne ya 9 aliishi Baghdad mwanachuoni aliyeitwa al-Khwarizmi, ambaye aliandika juu ya aljebra na juu ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi. Vitabu vyake vilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake likageuka katika ndimi za Wazungu likawa neno "algoriti", maana yake njia ya kutatua jambo kwa hatua zilizopangwa, ambazo kila azifuataye sawasawa hufika kwenye jibu lile lile. Karne nyingi zikapita. Mwaka 1936 Mwingereza mmoja, Alan Turing, ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, alijiuliza swali geni: je, yako maswali ya hesabu ambayo hakuna orodha ya hatua, hata iwe ndefu namna gani, iwezayo kuyajibu? Ili alijibu, alibuni akilini mashine isiyokuwapo duniani, yenye kusoma alama na kuandika alama kwenye utepe, akathibitisha kwamba maswali ya namna hiyo yako kweli. Angalia jambo hili, msomaji. Mipaka ya kompyuta ilijulikana kabla kompyuta tuzijuazo leo hazijaundwa.

Mashine zilifuata katika miaka ya 1940. Mwaka 1953 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kufundisha stashahada ya elimu hiyo, na mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani kikaifanyia idara yake peke yake. Walimu wa kwanza wengi walikuwa wanahisabati, na harufu ya hisabati haijatoka katika elimu hiyo hata leo. Swali lake la asili ni hili: ni jambo gani linaloweza kukokotolewa, na kwa njia gani iliyo fupi na ya hakika?

Elimu ya pili ilizaliwa kwa uchungu. Katika miaka ya 1960 kompyuta zilitoka vyuoni zikaingia katika benki, mashirika ya ndege na majeshi, na programu zilizokuwa zikiandikwa na mtu mmoja au wawili zikawa kazi ya mamia. Hapo mambo yakaharibika. Kampuni ya IBM ilipotangaza kompyuta zake za System/360 mwaka 1964, programu kuu ya kuziendesha ilichelewa sana na kugharimu fedha nyingi kuliko ilivyokadiriwa. Frederick Brooks, aliyeisimamia kazi hiyo, alikuja kuandika kitabu mwaka 1975 akieleza jambo ambalo wengi walilikataa kwanza, kwamba programu iliyochelewa, ukiiongezea watu, huzidi kuchelewa, kwa sababu kila mgeni anahitaji kufundishwa, na kila mtu mmoja zaidi ni mazungumzo mengi zaidi.

Mwezi wa Oktoba 1968 watu zaidi ya 50 kutoka nchi 11 walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa mwaliko wa kamati ya sayansi ya NATO, kuzungumza juu ya shida hiyo. Mkutano wao ulipewa jina la "uhandisi wa programu", na jina hilo lilichaguliwa kwa makusudi ya kuchokoza. Ilikuwa kama kuwaambia waandishi wa programu: mjenzi wa daraja hupima, hukadiria, hujaribu na hujibu likianguka, ninyi je? Kwa hiyo swali la elimu ya pili si lile la Turing. Lenyewe huuliza jinsi watu wengi, wenye fedha chache na muda mfupi, wanavyoweza kujenga kitu ambacho wengine watakitegemea kwa miaka, na ambacho wajenzi wenyewe wakiondoka, wageni wataweza kukitengeneza.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kutoka Guyana ya Ufaransa, na kabla ya dakika moja kwisha ikapasuka angani. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa Ariane 4, ambako ilifanya kazi vyema. Lakini roketi mpya ilikwenda kwa kasi zaidi, namba moja ikakua kuliko nafasi iliyotengewa, na programu ikashindwa. Hakuna aliyekosa kujua hesabu. Kilichokosekana ni kupima upya kitu cha zamani katika mahali papya. Mwaka huo huo wa 1996, chuo cha Rochester Institute of Technology, Marekani, kilianza kufundisha shahada ya kwanza ya uhandisi wa programu. Tangu Garmisch ilikuwa imepita miaka 28.

Sasa turudi kwetu, maana historia hii ingekuwa ya mbali sana kama isingetugusa. Kaskazini mwa Kenya palichelewa kufikiwa na elimu kwa sababu zilizoandikwa. Sheria ya hali ya hatari iliyowekwa mwisho wa 1963 ilidumu hadi mwanzo wa miaka ya 1990, na Waraka wa Serikali namba 10 wa mwaka 1965 ulisema kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza katika sehemu zenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Garissa haikuwa mojawapo. Chuo kikuu cha kwanza cha mji huu kilipatikana mwaka 2011, wakati Chuo cha Ualimu cha Garissa kilipofanywa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa humo, wengi wao wanafunzi, na chuo kikafungwa. Kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati ya kujitegemea. Mwanafunzi wa Garissa achaguaye masomo leo hana anasa ya kupoteza mwaka.

Walakini mbele ya macho yake ipo mifano miwili bora kuliko ile ya Ulaya. Wa kwanza ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Kutuma fedha bila kubeba noti halikuwa jambo geni kwa Wasomali, ambao hawala yao ilifanya hivyo zamani kwa uaminifu, daftari na redio. Wala hesabu ya M-Pesa si ngumu: toa huku, jumlisha kule, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ugumu uko kwingine. Ujumbe ukikatika njiani, fedha ni za nani? Simu ikizimwa katikati ya kutuma? Watu milioni wakituma saa moja usiku wa kuamkia Idi? Mwizi akijaribu namba za siri? Majibu ya maswali hayo ndiyo uhandisi wa programu, na majibu ya kwanza yaliandikwa Cambridge, Uingereza. Seva za kuiendesha zilikuwa Ujerumani mpaka zikahamishiwa Kenya mwaka 2015. Fedha za mwuza maziwa wa Garissa zilikuwa zikipita Ulaya kabla ya kufika mtaa wa pili.

Mfano wa pili naupenda zaidi, kwa kuwa umetoka katika vumbi letu wenyewe. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, pamoja na wenzake ilianzisha huko Marsabit bima ya mifugo ya namna mpya, na mwaka 2013 ikafika Wajir, ikiuzwa na kampuni ya Takaful kwa kufuata sheria ya Kiislamu. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walipata malipo yao. Andrew Mude, Mkenya aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani mwaka 2016. Bima hii haimtumi mtu kuhesabu mizoga. Setilaiti hupiga picha za nchi, kompyuta hupima ukijani wa malisho, hulinganisha msimu huu na misimu ya miaka mingi iliyopita, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wafugaji wa eneo hilo hulipwa.

Tazama jinsi elimu zote mbili zinavyokutana hapo. Kugeuza picha zisizohesabika kuwa namba moja isiyodanganya ni kazi ya mwanasayansi. Naye ana adui anayejulikana na kila mtu wa Garissa: mathenge. Mti huo hubaki kijani hata ng'ombe wakifa, na kipimo cha ukijani peke yake hakiwezi kuutenga na majani ya malisho. Atabuni njia gani ya kuutenga? Lakini hata namba ikiwa ya kweli, bado mfugaji aliyehamia mbali na mji lazima apate fedha zake, mara moja tu na si mara mbili, mtandao uwepo au usiwepo, na daftari lisomeke na mkaguzi baada ya miaka mitano. Hiyo ni kazi ya mhandisi.

Wako wanaosema kwamba tofauti hii ni ya maneno tu, kwa kuwa masomo ya miaka miwili ya kwanza hukaribiana na waajiri huwachukua wahitimu wa pande zote mbili. Wana haki kwa sehemu. Lakini mimi naona mwaka wa tatu na wa nne ndipo njia hugawanyika: huku nadharia ya algoriti, uthibitisho na hisabati zaidi, huku kukadiria kazi, kujaribu, kuandika maelezo na kufanya kazi kwa vikundi. Kijana apendaye swali moja gumu kwa wiki nzima atachoka huku. Apendaye kuona kitu kikitumiwa na watu atachoka kule. Na asiyejua bado moyo wake uko wapi, ikiwa hisabati haimtishi, ningemshauri sayansi ya kompyuta, kwa maana nadharia ni ngumu kujifunza peke yako baadaye, ilhali mengi ya ufundi hufundishwa kazini.

Jina nalo lisikuhadae. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeweka Bodi ya Wahandisi wa Kenya, na kuandikishwa kwake kuna masharti. Neno "uhandisi" juu ya shahada peke yake halimfanyi mtu kuwa mhandisi aliyeandikishwa. Vyuo navyo havifundishi kwa namna moja chini ya jina moja. Kabla ya kulipia dakika za kompyuta, pata orodha ya masomo ya miaka yote minne ya kila chuo unachokifikiria, uhesabu mangapi ni hisabati na mangapi ni ya kujenga. Ukimpata mwanafunzi wa mwaka wa nne wa chuo hicho, mwombe akuonyeshe programu aliyoijenga pamoja na wenzake, kisha mwulize ni nani anayeitumia.