Skana sabini, shahidi mmoja?

Ukitumiwa kiungo au faili la kutiliwa shaka, kuna ushauri utausikia haraka: kitupie VirusTotal. Muda si mrefu unapata majibu ya skana zaidi ya 70 kwa mpigo. Sasa swali: skana 10 zikisema "hatari", tuna mashahidi 10 kweli?

Turudi nyuma kidogo. Zamani kila kampuni ya antivirasi ilikuwa na orodha yake ya alama za virusi, na orodha hizo hazikulingana. Kirusi kipya kiliweza kukamatwa na kampuni moja leo, nyingine ikakishtukia baada ya siku kadhaa. Na ukiweka antivirasi mbili kwenye kompyuta moja, mara nyingi zinagombana zenyewe. Juni 2004, kampuni ya Hispasec Sistemas ya Málaga, Hispania, ikaja na njia rahisi: skana zote zikae kwenye seva, wewe tuma faili tu, bure. Ndiyo VirusTotal hiyo. Baadaye ikaanza kukagua na anwani za tovuti, na Septemba 2012 Google ikainunua.

Ila kuna jambo halionekani kwenye ukurasa wa majibu. Mafaili yanayotumwa hugawiwa kampuni za antivirasi ili iliyopitwa nayo ijifunze. Ni jambo jema, lakini linafungua mlango wa kunakiliana.

Mwaka 2010, Kaspersky ilieleza jaribio lake. Ilitengeneza mafaili 20 yasiyo na madhara yoyote, ikayapandisha VirusTotal, kisha kwa makusudi ikayaita 10 kati yake virusi. Siku 10 baadaye, yale 10 yalikuwa yanaitwa virusi na kampuni nyingine pia, baadhi yake na kampuni zipatazo 14. Kosa moja la kupandikizwa lilikuwa limegeuka "makubaliano ya wataalamu".

Mei 2016, VirusTotal ikakaza kanuni: kampuni inayotaka kunufaika na matokeo ya wenzake lazima nayo iweke skana yake hadharani. Yaani, ukila, nawe upike.

Tunajifunza nini? Wingi wa sauti una uzito pale tu kila sauti imechunguza kivyake. Kwa hiyo usihesabu tu. Angalia nani amesema, na amelitaja tatizo kwa jina gani. Jina la jumla jumla ni dalili dhaifu kuliko jina la kirusi kinachojulikana. Na sifuri nayo isikulaze usingizi: tovuti iliyovamiwa inaweza kumwonyesha mgeni wa simu kitu kibaya, halafu skana ikaonyeshwa ukurasa msafi kabisa.

La mwisho: unachopandisha kule kinaweza kuonwa na wengine. Cheti chako au matokeo ya mtihani, usiyapeleke.